Choki, Marisau na Umbali wa Kweli

(Mhadhara uliotolewa Mbarara, Uganda, mbele ya waongozaji wa wageni, askari wa wanyamapori na wafugaji wenye vibali vya bunduki)

Wazee wangu, maafande, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana pale mlangoni, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie uwindaji wa fezanti. Nitafanya hivyo, ingawa hakuna hata mmoja wetu atakayemwona fezanti akiruka kutoka kichakani huko Nyabushozi. Ni ndege wa Asia. Ulaya alipelekwa zamani sana, na Marekani alipata makao katika jimbo la Oregon mwaka 1881, aliposafirishwa kwa meli kutoka Shanghai na mwanadiplomasia mmoja, Owen Denny. Alizaana hadi South Dakota wakamfanya ndege rasmi wa jimbo lao mwaka 1943. Kule anawindwa na watu wa kila aina, wakulima kwa matajiri, wakiwa na mbwa mbele yao.

Sasa yeye anatuhusu nini? Anatuhusu kwa sababu wageni wengi mnaowapokea walijifunzia kwake kupiga ndege anayeruka, na majedwali ya choki (mbano ulio karibu na mdomo wa mtutu) na marisau (punje ndogondogo zilizo ndani ya katriji) yanayochapishwa kwenye maboksi na vitabu mara nyingi yameandikwa kwa ajili yake. Isitoshe, kwale wetu ni wa ukoo wake hasa, na kanga ni wa ukoo wa jirani. Fezanti dume ana uzito wa kilo moja na robo hivi, wakati mwingine zaidi. Kanga naye ni kama kilo moja na theluthi. Kwa hiyo kinachomwangusha fezanti vizuri kitamwangusha kanga vizuri. Kwale ni mdogo, wengi wao ni nusu kilo na ushei, na yeye ana hesabu yake.

Habari ya sheria naipitia haraka, maana maafande waliopo wanaijua kuliko mimi. Hakuna ndege wa porini wa kupigwa nchini humu bila kibali. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iko wazi, na hata utaratibu ulioanza kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ranchi zinazozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo ulikuwa wa vibali na idadi iliyopangwa. Kuna ndege wasioguswa kabisa. Yule kwale wa Nahan, anayeishi ndani ya misitu kama Budongo na Mabira, amebaki mchache. Ukiwa msituni na hujui ni kwale gani aliye mbele yako, shusha mtutu.

Basi tuingie kwenye choki.

Watu wengi huchagua choki kwa hofu. Mtu anaogopa kukosa, anaogopa ndege atakuwa mbali, basi anafunga choki iliyobana kuliko zote aliyo nayo, anajiona ana bunduki kali. Halafu kanga anaruka hatua ishirini mbele yake, anapiga, anakosa, na anasema bunduki ina kasoro. Bunduki haina kasoro. Amechagua choki ya ndege aliye mbali, akampigia ndege aliye karibu. Hoja yangu ya leo ni hiyo: choki huchaguliwa kwa umbali unaopigia kweli, na umbali huo huupati kwa kukisia.

Choki yenyewe ni kitu kidogo cha kushangaza. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) una upana wa ndani wa takriban milimita 18.5 kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Sentimita chache kabla ya mdomo, fundi anaubana kidogo. Choki kamili hubana milimita moja tu. Nusu choki ni nusu milimita, robo choki ni robo milimita, na mtutu usiobanwa kabisa huitwa silinda. Waingereza huhesabu kwa nukta, yaani sehemu za elfu za inchi: robo ni nukta 10, nusu 20, robo tatu 30, kamili 40. Wamarekani wana majina yao. Mgeni akikuambia anatumia modifaidi, anamaanisha nusu choki. Fuli ni kamili. Silinda iliyoboreshwa ni karibu sawa na robo.

Aliyeibuni kwanza ni nani? Hapo mafundi wa bunduki hugombana mpaka kesho. William Pape wa Newcastle aliisajili serikalini mwaka 1866. Wamarekani wanamtaja Fred Kimble, mwindaji wa bata. W. W. Greener wa Birmingham ndiye aliyeifanya ijulikane kila mahali katika miaka ya 1870. Mimi siwaamulii.

Kipimo kinachotumika hadi leo ni hiki. Unapiga karatasi iliyo yadi 40, yaani mita 36 na nusu. Unachora duara la inchi 30, ambalo ni sentimita 76, mahali matundu yalipokusanyika zaidi. Kisha unahesabu ni marisau mangapi yamo ndani kati ya yote yaliyokuwa kwenye katriji. Silinda huingiza kama asilimia 40. Robo choki asilimia 55, nusu 60, kamili 70. Angalieni: kutoka robo hadi nusu ni asilimia tano tu. Watu wanagombana hotelini juu ya asilimia tano.

Tofauti kubwa haiko kule mbali, iko karibu. Kwenye mita 18, marisau ya silinda yametawanyika upana wa kama sentimita 80. Ya choki kamili, mahali hapohapo, yamo kwenye upana wa kama sentimita 40. Upana nusu maana yake ni eneo la robo. Mlengaji wa choki kamili kwenye mita 18 amejipunguzia nafasi mara nne. Na akibahatika kumpata ndege, hana cha kupeleka jikoni, maana nyama yote imechanganyika na manyoya na marisau. Nusu choki pale pale inatoa kama sentimita 53, ambayo bado ni finyu kwa mtu asiyepiga kila wiki.

Upande wa pili nao una ubaya wake, nisije nikaonekana nahubiri silinda. Fikirieni kimia cha mvuvi. Kikifunguka kupita kiasi matundu yanakuwa makubwa, samaki anapenya. Silinda kwenye mita 36 ina matundu ambayo kanga mzima anapita, au anapata punje moja ya mguu na moja ya utumbo, anaruka, anaanguka kwenye nyasi ndefu mbali, na anakufa kesho yake mbele ya mbweha. Huko Dakota mtu ana mbwa wa kumtafuta. Sisi wengi hatuna. Ndege aliyejeruhiwa katika nyasi za kiuno huku kwetu ni ndege aliyepotea.

Kwa hiyo umbali. Kwa mtu anayetembea na kuinua ndege, awe fezanti au kanga, risasi nyingi za maana ni kati ya mita 18 na 32. Robo choki inafaa sehemu yote hiyo. Nusu choki inafaa kuanzia kama mita 25 na kuendelea. Zaidi ya mita 36, ushauri wangu ni kutopiga, na sitabishana na mgeni yeyote juu ya hilo. Jicho la binadamu ni baya sana kwa kupima umbali wa kitu kinachoruka mbinguni bila mti wala nyumba nyuma yake. Kabla ya kuanza, tembeeni na mgeni mkapime: kutoka kwenye gari hadi kile kichuguu ni mita 30. Mwache akiangalie. Simamisha umbo la kanga ulilokata kwenye boksi juu ya kichuguu. Atashangaa jinsi alivyo mdogo.

Na kanga ana tabia moja ambayo fezanti dume pia anayo: anapenda kukimbia kuliko kuruka. Ukimfuata nyuma atakutangulia kwa miguu mpaka umbali wa kijinga, ndipo aruke. Hapo watu ndipo wanapoanza kufikiria choki kamili. Dawa yake si choki. Dawa ni kugawanyika, wawili wazunguke, kundi lifike mahali litakaposhtuka karibu. Mwongozaji mzuri huleta ndege ndani ya choki, hafungi choki kwa ajili ya ndege waliokimbia.

Sasa marisau. Hapa ndipo namba za ukubwa wa punje zinapowachanganya watu, na kosa hili hutokea hata kwa wenye bunduki ghali. Namba ikipanda, punje inapungua ukubwa. Hilo wengi mnalijua. Lakini namba ya Uingereza si namba ya Marekani. Namba 6 ya Marekani ni punje ya milimita 2.8. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6. Milimita 2.8 kwa Uingereza ni namba 5. Maboksi yanayofika huku yanatoka nchi mbalimbali, na kila nchi na mtindo wake. Acheni namba, someni milimita. Kwenye boksi nyingi zimeandikwa. Kama hazijaandikwa, fungua katriji moja, panga punje kumi kwenye mstari, pima urefu kwa rula, gawa kwa kumi.

Kwa fezanti, na kwa hiyo kwa kanga, punje za madini ya risasi za milimita 2.6 hadi 3.0 ndizo zenye sifa. Gramu 32 za punje za milimita 2.8 ni kama punje 250. Nusu choki ikizipeleka asilimia 60 ndani ya duara, una kama 150 pale, na hiyo inatosha kabisa kwa ndege wa kilo moja na robo. Ukipanda hadi milimita 3.1 zinabaki chini ya 200. Kila punje inaingia ndani zaidi, lakini duara lina nafasi wazi, na hapo unahitaji choki iliyobana zaidi ili kuzijaza. Mwaona jinsi choki na marisau yalivyofungwa pamoja? Huwezi kubadilisha kimoja ukaacha kingine.

Ndege anayekuja kwako anakuonyesha kichwa, shingo na kifua. Anayeondoka anakuonyesha mgongo, mapaja na utumbo, na punje inabidi ipite humo mpaka ifike moyoni na kwenye mapafu. Ndege wengi wa kutembea na kuwainua wanaondoka. Kwa hiyo kwa kanga mimi nachagua milimita 2.8 au 3.0, sichagui ndogo. Kwa kwale, milimita 2.4 inatosha, na 2.6 haina ubaya.

Uzito wa katriji usiwababaishe. Mgeni atakuja na katriji za gramu 42, nzito, zinapiga bega kama punda. Gramu 30 hadi 32 zinafanya kazi hiyo, na mtu ambaye bega halimuumi analenga vizuri zaidi.

Ubora wa punje una maana kuliko uzito. Punje laini hubonyea zinaposukumwa na baruti, na punje iliyobonyea hewani haiendi sawa, inapotoka pembeni. Zile zilizochanganywa na antimoni ni ngumu zaidi na hukaa pamoja. Kikombe cha plastiki kinachozibeba ndani ya mtutu nacho huzilinda zisisuguane na ukuta. Bunduki ileile, choki ileile, ukibadilisha katriji tu, karatasi itakuonyesha mambo mengine. Ndiyo sababu maandishi yaliyo kwenye mtutu ni ahadi tu, ushahidi uko kwenye karatasi.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Pasua mifuko ya simenti, ibandike pamoja upate mita moja na robo kila upande. Tundika mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo, mahali hapana ng'ombe wala mtu nyuma. Pima mita 27 kwa kamba. Kwa nini 27 na si 36? Kwa sababu ndiko utakakopigia. Piga risasi moja kwa kila karatasi, karatasi kadhaa kwa kila aina ya katriji, maana karatasi moja inadanganya. Chora duara kwa kamba ya sentimita 38. Halafu, badala ya kuhesabu tu, chukua kanga uliyemkata kwenye boksi, mweke juu ya karatasi sehemu mbalimbali za duara. Kila unapomweka, je, ana punje nne au tano kwenye kichwa, shingo na kifua? Kama kuna mahali anakaa bila hata moja, badilisha choki au marisau. Kama katikati ana punje ishirini, tumia choki iliyofunguka zaidi.

Nije kwenye jambo la vinamasi, na hapa sitaki mzaha. Ndege wa majini humeza vijiwe ili visage chakula tumboni. Punje ya madini ya risasi iliyoanguka kwenye tope anaimeza vilevile. Inasagika, inaingia kwenye damu, anakufa polepole. Marekani walipiga marufuku punje hizo kwa uwindaji wa bata na bata bukini nchi nzima mwaka 1991. Umoja wa Ulaya ulizifungia maeneo oevu mwaka 2023. Uganda imo katika mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya unaotaka vivyo hivyo, imo katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu tangu 1988, na mkutano mkuu wa mkataba huo ulifanyika hapa Kampala mwaka 2005. Eneo la Mburo na Nakivali ni la Ramsar. Kwa hiyo mkikaribia maji, madini ya risasi yabaki kwenye gari.

Mbadala ni punje za chuma. Chuma ni chepesi: ujazo uleule unaokuwa na gramu 11 za madini ya risasi una gramu 7.8 tu za chuma. Punje nyepesi hupoteza kasi mapema, basi unapanda ukubwa namba mbili. Aliyekuwa akitumia milimita 2.8 atumie 3.3. Na chuma hakibonyei, kwa hiyo kinabaki pamoja zaidi: robo choki ya chuma inafanya karibu kazi ya nusu choki. Usipitishe chuma kwenye kitu kinachobana kuliko nusu choki, na usikipitishe kabisa kwenye bunduki za mababu zenye mitutu myembamba. Punje za bismuthi, madini mengine, ni nzuri kwa bunduki hizo, ila bei yake, Mungu atusaidie.

Hata nchi kavu, hao ndege wanaliwa. Toa punje zote, kata nyama iliyo kando ya majeraha uitupe, na wajawazito na watoto wadogo wasiizoee nyama iliyopigwa kwa madini ya risasi.

Sasa maswali. Ndiyo, kijana.

(Aliuliza: nitajuaje choki iliyoko kwenye bunduki ya mgeni?)

Kama choki ni ya kufunguliwa na kutolewa, tazama ukingo wake, una alama zilizochongwa. Alama moja ni choki kamili, mbili ni robo tatu, tatu ni nusu, nne ni robo, tano ni silinda. Alama zikizidi, choki inafunguka. Bunduki nyingi ambazo choki yake haitoki, hasa za Italia, zina nyota kwa mpangilio huohuo. Kila kampuni ina nyuzi zake za skrubu, usilazimishe choki ya bunduki nyingine. Na usipige bunduki ya namna hiyo bila choki ndani, utaharibu nyuzi. Hakikisha imekazwa, baada ya kuhakikisha bunduki ni tupu.

(Mzee mmoja mfugaji alisema ana bunduki ya mitutu miwili, yote choki kamili, naye anataka kuikata.)

Mzee wangu, nakuomba usiikate. Kwanza utapata matatizo na polisi, kubadilisha bunduki si jambo la msumeno wa nyumbani. Pili, ukikata mdomo unaondoa choki yote na mizani inaharibika. Fundi mwenye leseni anaweza kupanua mtutu mmoja kutoka ndani mpaka uwe robo, ule mwingine akuachie nusu. Ndivyo bunduki za mitutu miwili zilivyokusudiwa: anayeondoka unampiga kwanza kwa mtutu uliofunguka, kwa sababu yuko karibu, kisha uliobana, kwa sababu ameenda mbali. Kwa ndege anayesukumwa kuja kwako, kama Waingereza wanavyofanya na fezanti, unaanza na uliobana. Ukisubiri fundi, tumia katriji zenye kizibo cha ufumwale badala ya kikombe cha plastiki, zinatawanya zaidi, na ngoja ndege afike mita 30.

(Afande aliuliza kama risasi wanazopewa walinzi wa benki zinaweza kutumika kwa kanga.)

Hapana, afande. Zile za kawaida zina punje tisa tu, kila moja ya milimita 8 na zaidi. Punje tisa haziwezi kujaza duara, na zinakwenda mbali sana. Hata punje ya milimita 2.8 inaweza kuvuka mita 200, na kule Nyabushozi kuna mchunga ng'ombe nyuma ya kila mgunga. Na kwa kuwa umegusia kuchanganya risasi: katriji ya geji 20, ambayo ni nyembamba zaidi, ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza ndani na kukwama. Mtu anadhani chumba ni kitupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anapiga, mtutu unapasuka. Ndiyo maana geji 20 hupakwa rangi ya njano. Msiziweke kwenye mfuko mmoja.

(Dada mmoja aliuliza: kama nina fedha za choki moja tu?)

Robo. Na punje za milimita 2.8, gramu 32. Usipige zaidi ya mita 32 mpaka karatasi ikuruhusu.

Mifuko ya simenti imeshatundikwa nyuma ya jengo, na kamba imepimwa. Tutaanza na bunduki ya mzee, choki kamili, kwenye mita 18, halafu ya dada kwa robo. Wenye bunduki zifungueni sasa hivi, mitutu ionekane mitupu, tutoke kwa mstari mmoja.